Vyungu Vitatu vya Mama Burito

"Mimi masters nitachukua. Na hapa nyumbani hakuna mtoto atakayekosa uji, hakuna sherehe nitakayoikosa, na hakuna mtu atakayeniona nakimbia."

Maneno hayo aliyasema Mwalimu Euphrasia siku ya ubatizo wa kitinda mimba wake, Ursula, mbele ya padri, katekista na ukoo mzima wa mumewe waliokuwa wameshika sahani. Hakuna aliyemuuliza. Watu walikuwa wanazungumzia habari za sabuni, kwamba imeonekana Musoma, na kwamba sasa hivi ukiwa na hela unanunua bila kibali cha mwenyekiti. Yeye akasimama, akaweka sahani chini, akatangaza kama mtu anayegombea udiwani. Padri akapiga makofi. Wifi zake wakatazamana. Tangu siku hiyo, kila Ursula alipolia, kulikuwa na mtu wa kuuliza kwa sauti ya upole kabisa: kwani mama masters yuko wapi?

Kwa asiyemjua: Euphrasia, ambaye sisi sote tulimwita Mama Burito kwa jina la mwanawe wa kwanza, alikuwa akifundisha hisabati katika sekondari moja huku Butiama. Digrii ya kwanza aliipata kabla ya kuolewa, watoto wanne baada ya hapo. Mumewe, Clementi, alikuwa karani wa kiwanda cha kuchambua pamba Bunda. Alikuja nyumbani Jumamosi na kuondoka Jumapili, kama padri wa kigango. Mji, yaani boma walilokaa, ulikuwa wa mama yake, Bibi Nyamburi, mwanamke mfupi mwenye ghala la ulezi lenye kufuli kubwa kuliko la posta.

Mimi ambaye diploma yangu imelala njiani sina haki ya kumcheka mtu aliyefika mbali kuliko mimi. Lakini nitacheka kidogo, na yeye mwenyewe ameruhusu.

Fomu za chuo alizijaza jikoni. Mkono mmoja mwiko, mkono mmoja kalamu, Ursula mgongoni akivuta kola ya gauni. Pale fomu ilipouliza sababu za kutaka kuendelea na masomo, alidondosha tone la mchuzi wa furu, wale samaki wadogo wa ziwani, na furu wenyewe siku hizo walikuwa wameshaanza kuwa hadithi, sangara amewala wote. Karatasi nyingine hakuna. Akalizungushia tone lile mstari, akaandika pembeni "Samahani, chakula cha watoto", akaendelea. Alitaka kuchunguza kwa nini wasichana wa Mara wanaingia sekondari wengi na kutoka wachache. Katikati ya uandishi aliitwa kumkamata mbuzi. Alimkamata, akarudi, akamalizia sentensi ileile.

Chuo hakikuwa tatizo. Tatizo lilikuwa nani atabaki na watoto kwa miaka miwili, na jibu lilikuwa mtu mmoja tu, mwenye kufuli.

Alimwendea mama mkwe wake jioni, wakati wa kukamua. Bibi Nyamburi hakukataa. Alimaliza ng'ombe wa kwanza, akahamia wa pili, ndipo akasema.

"Mama Burito, wewe unaanzaga vitu vingi. Mimi nataka nione unamaliza kimoja. Mwezi wa sita Burito anatahiriwa. Mtoto akirudi, anayempokea langoni ni mama yake, anamvisha kitenge begani. Nikikukuta umesimama hapo, watoto nitakaa nao hata miaka mitatu. Nisipokukuta, tusisumbuane."

"Mama, nitakuwa wapi tena siku hiyo?"

"Sijui. Wewe ndiye una mambo."

Sasa kwetu mambo ya tohara hayafuati kalenda ya ukutani. Wazee wanakaa, wanatazama wanayoyatazama, kisha wanatoa siku, imebaki wiki moja. Siku waliyoitoa ilikuwa Jumanne. Na kwenye begi la Mama Burito kulikuwa na barua iliyofika siku mbili kabla: waombaji wote wa ufadhili wa mkoa wa Mara waje Musoma mjini kwa usaili. Jumanne. Saa tatu asubuhi.

Asiyefika hana ufadhili, na asiye na ufadhili mwaka ule wa 1988 angeenda chuo kikuu kwa mshahara wa mwalimu, yaani asingeenda.

Clementi alitumwa kwa wazee kuomba isogezwe mbele. Alirudi akasema wamecheka. Alipoulizwa wamecheka vipi, akasema wamecheka vizuri tu, hawana ubaya, kisha akakumbuka kwamba ana kazi Bunda. Simu ya posta kwenda Musoma ilikuwa imekatika tangu masika. Mwanamke mwingine angelia. Mama Burito alikaa na kipande cha chaki kwenye sakafu ya jikoni akapiga hesabu, kwa sababu ndiyo kazi anayoijua.

Hesabu yenyewe ilikuwa hivi. Watoto wanakatwa alfajiri. Kutoka uwanjani hadi nyumbani kwa Bibi Nyamburi ni mwendo wa saa moja kwa mguu wa mtu mwenye haraka. Lakini msafara wa tohara hauna haraka. Unaimba, unacheza, unaziba barabara, na kwenye kila mji wenye kitu cha kunywa unasimama. Na kiongozi wa nyimbo mwaka huo alikuwa Mseti, mdogo wake Clementi, mtu mwenye sauti kubwa na udhaifu mmoja: hajawahi kupita chungu cha pombe bila kukisalimia.

Kwa hiyo vyungu vitatu. Kimoja mwanzo wa njia, kimoja katikati, kimoja kwa rafiki yake Getruda, karibu na nyumbani. Kila chungu, kwa hesabu ya Mama Burito, kilikuwa na thamani ya saa mbili za Mseti. Bibi Nyamburi alikuwa ameshampimia ulezi wa pombe ya nyumbani, na kufuli lilipofunguliwa kwa ajili hiyo, ulezi uliotoka ulikuwa mwingi kuliko uliopimwa. Mwalimu wa hisabati akikosea kupima, tuseme tu kwamba hakukosea.

Aliwapa Getruda na wenzake maelekezo kama ya mtihani. Pombe iwe nyepesi. Wanywe wamesimama. Wakiuliza ni ya nani, ni ya jirani mwema.

Jumanne, Burito alichukuliwa giza bado lipo. Mama yake akamfunga Ursula mgongoni, akavaa koti la mtumba lililokuwa na mabega mapana kama ya bondia, akapanda lori la samaki lililokuwa linakwenda Musoma tupu. Tupu lakini halikuwa limesahau samaki.

Kwenye usaili walikuwapo watu tisa wanasubiri kwenye benchi, wanaume wote, mmoja na tai. Mama Burito alimwambia katibu kwamba ana mtoto mchanga na kwamba mtoto huyo akianza, ofisi nzima itahama. Ursula alikuwa amelala fofofo, hana habari kwamba anatumiwa. Wakamwingiza wa kwanza.

Ndani walikuwa watatu, wazee wawili na mama mmoja mwenye miwani. Wakauliza juu ya wasichana na shule, akajibu. Wakauliza atapimaje anachotaka kupima, akajibu mpaka mzee wa kushoto akaacha kuandika akawa anasikiliza tu. Ursula akaamka, akanyonyeshwa, usaili ukaendelea. Wakaikuta ile fomu yenye mchuzi. Yule mama mwenye miwani akainusa, akampa mwenzake.

Kisha mzee wa katikati, mwenyekiti wao, akavuta kiti nyuma kidogo, kama mtu aliyelitunza swali lake zuri mpaka mwisho.

"Mama, una watoto wanne, na huyu mmoja bado ananyonya. Ukienda Dar es Salaam, nani atabaki nao?"

"Bibi yao, mzee. Ila kwa sharti. Kijana wangu ametahiriwa leo asubuhi, yuko barabarani anarudi nyumbani. Nikifika langoni kabla yake, bibi anakaa nao. Nisipofika, hata mkinipa ufadhili siendi. Kwa hiyo naomba swali linalofuata, kama lipo."

Wakatazamana. Yule mama mwenye miwani akasema swali halipo.

Nje, lori la samaki halikuwepo. Dereva alikuwa amesikia mafuta yamefika mahali, na dereva wa miaka ile akisikia hivyo huwezi kumlaumu, anaondoka kama aliyeitwa msibani. Mama Burito alitembea hadi barabara kuu, akasimama na koti lake. Lori lililosimama lilikuwa la mfanyabiashara wa mitumba anayepeleka marobota Bunda. Akapanda juu ya marobota, mwanamke mwenye koti la mtumba akiwa amekalia ndugu zake koti, na wakamteremsha Makutano jua likiwa juu ya kichwa.

Kutoka hapo ni barabara ya Butiama kwa mguu. Hesabu yake ilisema msafara uko kwenye chungu cha pili. Alipofika karibu na kwa Getruda akasikia kwamba hakuna wimbo. Ngoma imenyamaza kabisa.

Getruda ni mtu mwema, na wema wake ndio uliharibu. Pombe ilikuwa nyepesi kama alivyoagizwa. Lakini aliona aibu kuwapa wageni kinywaji wamesimama kama walevi wa kilabu. Akatoa viti. Akatoa na mkeka. Mwimbaji wa Mara mpe chochote, usimpe kiti. Mseti alikuwa amekaa, miguu ameinyoosha, anasimulia. Msafara mzima umekaa. Na kijana aliyetoka kukatwa kwetu hakai mpaka afike kwao. Burito alikuwa amesimama barabarani peke yake juani, shuka begani, fimbo mkononi, midomo ameibana. Ana miaka kumi na minne. Machozi hayaruhusiwi. Alikuwa anatazama mbele, na kidevu kilikuwa kinaanza kutetemeka.

Mama yake alimwona kupitia miti ya mihogo. Aliniambia kwamba hapo masters ilimtoka kichwani yote, pamoja na tasnifu. Hesabu ile ya chaki aliipiga yeye, na saa zile sita alizozinunua kwa pombe, aliyekuwa anazilipa kwa miguu yake ni huyu. Lakini mama haruhusiwi kumsogelea kijana kabla ya lango. Angetoka barabarani pale, angemwaibisha mbele ya rika lake maisha yote. Njia ya kumfanya akae ilikuwa moja: yeye mama atangulie kufika langoni.

Akavua viatu. Akamkaza Ursula mgongoni. Akamrushia Getruda kijiti, na Getruda alipogeuka akamwonyesha kwa mikono kitu ambacho mwanamke yeyote angekielewa: ondoa viti. Kisha Mwalimu Euphrasia, aliyesema hadharani kwamba hakuna mtu atakayemwona anakimbia, akaingia katikati ya mihogo akakimbia. Koti likapaa mabegani. Ursula, aliyekaa kimya usaili mzima, akaanza kulia kwa sauti ya king'ora.

Burito alisikia sauti ya mdogo wake. Akageuza macho bila kugeuza kichwa. Akaona juu ya mihogo mabega mawili mapana yakipita mbio, kichwa cha mtoto kikiruka nyuma yake, na mkono mmoja umeinua viatu hewani kama bendera.

Akacheka.

Alicheka mpaka akashika fimbo kwa mikono miwili. Akina Mseti wakageuka. Kijana ametoka kukatwa, amesimamishwa juani, na anacheka. Haijawahi kuonekana. Mseti akasimama peke yake, hakuambiwa, akaanza kutunga wimbo palepale juu ya kijana aliyekicheka kisu, na msafara ukaondoka kwa kasi ambayo vyungu vitatu havikuitegemea. Burito mpaka leo ana sifa hiyo katika rika lake. Alichokicheka hajawaambia.

Walipokaribia mji, Mama Burito alikuwa amesimama langoni, viatu mguuni, kitenge kipya mkononi, anahema kwa pua tu. Akapiga kigelegele kimoja kirefu. Akamvisha mwanawe kitenge begani, na kijana akainama, akamnong'oneza mama yake.

"Mama, ulikuwaga unasema hukimbii."

"Nyamaza. Kakae."

Bibi Nyamburi alikuwa amesimama hatua chache nyuma. Alimtazama mkwe wake kutoka juu hadi chini. Kwenye nywele kulikuwa na jani la muhogo, akalitoa, akalitazama, akalitupa.

Barua ya ufadhili ilifika Agosti. Kwenye ukoo hakuna aliyeuliza tena mama masters yuko wapi, kwa sababu sasa walijua: anafunga begi. Asubuhi ya kuondoka, Clementi alikuja na baiskeli kumsindikiza hadi Bunda apate basi la Mwanza na huko apande treni. Watoto walipangwa mstari kwa urefu. Ursula alikuwa mgongoni kwa bibi yake, ameshaanza kuvuta kola nyingine. Mama Burito aliwaaga wote, na alipofika kwa mama mkwe wake akaanza kusema asante, akaishia kukaza kitenge cha Ursula kilichokuwa kimeshakazwa.

Bibi Nyamburi akamsaidia.

"Nenda, mwanangu. Watoto nitakaa nao, nilisema. Huyu nitamwachisha ziwa, wala usiwaze. Ila debe langu la ulezi, lile lililozidi, naomba ulirudishe kabla hujapanda basi. Au ulifikiri mimi sijui harufu ya pombe ya ulezi wangu?"

Clementi aliona ghafla kwamba mnyororo wa baiskeli unahitaji kutazamwa.

Mama Burito alilinunua sokoni Bunda, akalifunga kwenye baiskeli, mumewe akarudi nalo. Debe la ulezi siku hiyo lilikuwa shilingi mia sita.