Mshenga Aliyemng'ang'ania Mkwe

Chekeni tu, ndugu zangu. Jamaa walinituma Kitangari nikampose binti kwa niaba ya mpwa wangu, eti mimi ndiye niliyesoma. Sikuwaambia kwamba sikio langu la ndani lina hitilafu: nikigeuza kichwa ghafla, dunia huzunguka. Ulikuwa msimu wa mabibo, na mshenga anayeyumba msimu huo hudhaniwa amelewa uraka, ile pombe ya mabibo. Posa ingeishia mlangoni.

Nikakaa wima kama bibi harusi. Mambo yakaenda vizuri mpaka mama mmoja aliponiamkia kwa nyuma, "Shikamoo, baba." Nikageuka kuitikia, nyumba nzima ikapaa. Nikainuka nitoke nje, nikakumbatia cha kwanza nilichokigusa: Mzee Hamisi, baba wa binti.

Akadhani ni furaha. "Watu wa Masasi mna mapenzi!" akasema, naye akanikumbatia. Vigelegele vikalipuka. Nami nikazidi kumkaza.

"Basi, mkwe, yatosha," akaninong'oneza. "Niachie."

"Siwezi, mzee. Sikio linanizungusha. Nikikuachia, naanguka."

Akaninusa mdomo, hakukuta uraka. Kisha akampazia mkewe sauti: "Mama Asha, lete mkeka! Posa tumeikubali, ila mshenga tumlaze kwanza."