Siku Niliyomfukiza Mbwa wa Luz

Nna aibu moja ambayo hata nikiwa peke yangu jikoni nikiikumbuka hujifunika uso kwa kanga, basi nawahadithieni, lakini msinicheke kabla sijamaliza.

Jirani yetu hapa Azaiba, Luz, ni Mmeksiko. Alifiwa na mamake huko kwao asiwahi maziko, nami nikaona si vyema akae na msiba peke yake, nikamchukua shangazi yangu Bi Zuwena na wanawake wengine wa mtaani twende tukampe pole. Luz akatukaribisha, akaingia jikoni kupika kahawa, nyumba kimya, nami (kiherehere changu hicho!) nikasema ngoja nifukize udi, msiba gani huu hauna hata harufu? Udi na makaa nnayo mkobani, chetezo sina, nikaona rafuni chombo cha udongo mwekundu, kinene, kina tundu juu, nikatia makaa nikawasha bila hata kukigeuza.

Moshi ukapanda. Bi Zuwena akatoa macho.

"We mtoto, mbona unamfukiza mbwa?"

Kukigeuza, lahaula! Masikio, mkia, tumbo kama kala pilau ya harusi nzima! Nikakinyakua nikitoe nje, kumbe kishapata moto, kikaniponyoka mbele ya watu wote, sikio likaruka kivyake, na Luz huyo mlangoni na sinia lake.

"Nisamehe," nikamwambia kwa Kiarabu, ndiyo lugha tunayoelewana mimi naye, "nimevunja kitu cha kale."

"Si cha kale," akajibu taratibu. "Mama alikuwa mfinyanzi. Aliiga wale mbwa wanaofukuliwa makaburini kwetu. Watu wa zamani wakimzika maiti na mbwa wa udongo, ati amvushe mto afike kwa wafu wenziwe."

Ya Rabbi! Afadhali ningevunja cha makumbusho!

Luz akapiga magoti, akaliokota sikio, akauvuta ule moshi, machozi yakamtiririka.

"Tangu nipate habari nimeshindwa kulia," akasema. "Na sisi huwafukizia wafu wetu. Mmekuja kumsindikiza mamangu, na wala hamkumjua."

Nilipowafasiria wenzangu, Bi Zuwena, ambaye mbwa hamtaki hata wa picha, akaketi naye pale chini, akamkumbatia, wakalia pamoja.

Angenifukuza, nani angemlaumu? Badala yake alinishika mkono, na mpaka leo namwombea kheri. Lakini nimeapa, wallahi: nikiingia kwa watu, mikono yangu hukaa mapajani, na udi nauliza kwanza.