Pigo Lisilo na Nundu

"Mpaka damu imwagike ndiyo mniamini?" mdogo wangu alifoka.

"Nundu iko wapi, Kisogo? Nionyeshe!" mwenye karakana akamjibu.

Niliwakuta hivyo, nimempelekea chakula. Kisogo tulimwita tangu utoto, maana nyuma ya kichwa chake ni kama amebeba mzigo wa mtu mwingine. Ni seremala. Wiki ile ubao uliteleza kutoka juu ya kabati ukamtua utosini. Wenzake wakauliza kama ubao umeumia. Naye alicheka.

Mapigo ya kichwa aliyajua yote kwa majina, kwa kuwa aliyaonja yote. Konzi ni la vifundo vya vidole, hilo nilimpa mimi. Kofi la kisogoni, la mwalimu. Na ngeu, jeraha la kichwani, alishikilia kwamba imeitwa hivyo kwa sababu ya ngeu ya seremala, ile rangi nyekundu ya kupigia mstari kwa uzi: damu ikishuka usoni, nayo huchora mstari. Kama ni kweli sijui. Darasa la saba halikunifikisha huko.

"Na hili langu linaitwaje, dada?" alikuwa ameniuliza tukitoka hospitali.

Daktari aliliita mtikisiko wa ubongo. Dawa yake, kungoja. Kungoja nini, hakusema.

"Haya, piga ngeu nione hicho kizunguzungu," mwenye karakana akasema.

Kisogo akapaka uzi rangi, akaunyoosha, akauachia. Mstari ukaenda upande. Akafuta, akarudia. Upande tena. Mtu aliyekuwa akipiga mstari huku anapiga soga!

Akashika msumeno akate hivyo hivyo; mwenye karakana akauondoa mkononi mwake taratibu, kama unavyomwondolea mtoto kisu.

"Nenda nyumbani, ndugu yangu."

Bora angemtukana.

Nyumbani nilishusha pazia, mwanga unamuumiza.

"Dada, bado unanidai konzi moja."

La utotoni hilo: tulishindana kuruka mtaro, atakayeshindwa ale konzi; akatumbukia, akakimbia kabla sijachukua haki yangu.

"Lichukue leo. Labda litarudisha vitu mahali pake."

Akainamisha kichwa. Hakuwa anatania. Nikakunja vidole. Nikavikunjua, nikakifunika kile kisogo kwa kiganja.

"Nimekusamehe."

"Lote?"

"Lote. Lala."