Kitabu Nilichokikata kwa Mkasi

Niseme mapema msije mkadhani najitetea: siku ile nilimdhalilisha mwanamke aliyenilisha kwa mkono wake wiki saba, tena mbele ya ukoo wake na jumuiya yake, mchana kweupe, na mtoto mwenye jina lake amelala mapajani kwangu. Miaka imepita mingi, lakini nikikumbuka bado najifunika uso kwa khanga hata nikiwa peke yangu jikoni. Na chanzo chake ni mkasi, mkasi wangu mwenyewe wa kushonea.

Ilikuwa miaka ya tisini, mimi na mume wangu Gasto tunaishi Njoro huko mjini, yeye ana kibanda cha vipuri Pasua na mimi nina cherehani yangu barazani, na nilipojifungua mtoto wetu wa kwanza, msichana, nikapandishwa mlimani Kirua Vunjo kwa mama mkwe nikatunzwe uzazi. Kwetu ndivyo ilivyo, mama mzazi hagusi jembe wala hachoti maji, kazi yake ni kula mtori, ile supu nzito ya ndizi na nyama, na kunyonyesha mpaka mashavu yatokeze, na mama mkwe ndiye anayepika, anayekanda na anayeamua nani aingie kukuona. Mimi ni Mchagga, sikatai, lakini nilizaliwa mjini nikakulia mjini, na Kichagga changu kilikuwa cha kuombea maji. Mama akiongea na majirani zake pale nje nilikuwa naambulia neno moja moja tu, mara “maziwa”, mara “mtoto”, mara jina langu (na kusikia jina langu bila kuelewa ninasemwa nini ndiko kulikoanza kunitia wasiwasi).

Sasa wifi yangu Fransiska, dada yake Gasto, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi na bado anaishi hapo nyumbani. Siku moja akatoka mjini na kitabu alichokiokota kwenye vitabu vya mtumba vinavyotandazwa chini juu ya magunia. Jalada hakina, jina hakina, kurasa zimekuwa za njano, ila ukisoma mstari wa kwanza huwezi kukiweka chini. Ni mwanamke anasimulia mwenyewe, “mimi” hivi, “mimi” vile, ametoka kujifungua, yuko ndani kwa mama mkwe, na anaanza kugundua kidogo kidogo kwamba mama mkwe anamtilia kitu kwenye chakula. Fransiska alitusomea kurasa tatu tu, mimi na jirani yetu Mama Beni aliyekuja kuazima kinu, na tulipomaliza kila mmoja alikuwa amekishika kwa upande wake kama mbuzi wa mnada.

“Mimi nimekinunua, nasoma kwanza,” Fransiska akasema.

“Wewe una shule mchana kutwa,” nikamwambia. “Mimi nimelala hapa nahesabu mabati.”

Ndipo nikaleta akili yangu ya fundi. Nikachukua mkasi, nikakata uzi wa mgongoni, kitabu kikawa vipande vitatu safi kabisa, nikajisifu kweli kweli. Mimi nikachukua cha kwanza kwa sababu ni mzazi, Fransiska akachukua cha katikati, na Mama Beni (yule mama hana makuu) akasema hata mwisho sawa, yeye ataanzia huko arudi nyuma. Tukapeana mkono kwamba asiyemaliza asisimuliwe. Mkitaka kujua kosa langu liko wapi, liko hapo.

Kile kipande changu nilikisoma mara mbili kwa siku moja. Yule mwanamke anasema mama mkwe wake anamfungia mlango. Nikainua macho, nikaona mlango wangu umefungwa (mama alikuwa anaufunga kwa sababu ya upepo wa mlimani, na alishaniambia hivyo, lakini sasa nikaona hiyo ndiyo sababu anayoitoa kila mama mkwe). Anasema kuna dawa chungu inamiminwa kwenye supu. Siku hiyo hiyo jioni mama akaingia na mtori, akatoa kibuyu kidogo kwenye mfuko wa aproni, akamimina kitu cha kahawia, akakoroga. Nikaonja, chungu. Anasema mama mkwe husimama juu yake mpaka amalize bakuli. Mama alikuwa amesimama, mikono kiunoni, anasema, “Kula mwanangu, maliza, usibakize.”

“Mama, hii ni nini?”

“Ni miti tu. Ya wanawake.”

Yule wa kitabuni naye alijibiwa karibu hivyo hivyo.

Kuanzia hapo mtori wangu ukawa unapita dirishani. Mama akitoka tu, nafungua dirisha, namwaga kwenye migomba, na mbwa wao Tomi akashajua saa, akawa ananisubiri hapo chini kabla hata bakuli halijaingia. Baada ya siku nne Tomi akawa halindi tena. Analala asubuhi, analala mchana, mgeni anapita anamruka. Kwa akili yangu ya siku zile huo ulikuwa ushahidi wa mahakamani, maskini, kumbe mbwa ameshiba tu, hajawahi kulishwa nyama ya mzazi maisha yake yote.

Na maziwa yakaanza kupungua, maana nilikuwa naishi kwa chai na ndizi moja moja ninazochukua mwenyewe. Mtoto analia. Mama anasikia analia, anapaniki, anaongeza dawa ya kibuyu, mimi naona ameongeza, namwaga yote. Hapa ndipo ninapoona aibu kuliko kwenye sehemu nyingine zote za mkasa huu, kwa sababu ile miti ilikuwa ya kuleta maziwa. Mama alikuwa anaifuata mwenyewe mtoni kwa miguu ile mibovu, na mimi namshindisha mwanangu na njaa kwa sababu ya kipande cha kitabu.

Fransiska akaniletea cha katikati, nikazidi kuwehuka. Tukawa tunakaa watatu tunajadili, mimi nimepandwa jazba nasema yule mama mkwe ni nyoka, anyongwe, Fransiska anasema yeye haelewi, mbona huyu anayesimulia mara anasema mvua ilinyesha siku ile, mara anasema vumbi lilimuingia machoni, mbona hatumsikii mtu mwingine yeyote akisema aliona? Nikamkatisha. “Wewe hujazaa, huwezi kumuelewa.” (Nilimwambia hivyo, wifi yangu, aliyenisaidia kufua nepi.) Mama Beni, ambaye mwisho ameshausoma zamani, alikuwa anaziba mdomo kwa khanga anacheka mpaka mabega yanatikisika. Na mimi, Mungu anisamehe, nikaona ule mcheko ni wa mtu anayejua siri ya ile nyumba na anaogopa kuisema.

Basi ikafika Jumapili ya ubatizo. Mtoto akabatizwa Apolonia, jina la mama mkwe, kama ilivyo desturi kwa binti wa kwanza, na mama siku hiyo alikuwa amevaa gauni la bluu nililomshonea mwenyewe nikiwa mjamzito, anatembea kifua mbele, kila anayemwona anamwambia, “Mimi ndiye Apolonia mkubwa.” Uwanja umejaa, ukoo mzima, wanajumuiya, watu wa kwaya, baba mkwe anagawa mbege, pombe yetu ya ndizi. Sasa mnajua mbege inavyogawiwa. Anayekukaribisha anapiga funda kwanza mbele yako, kisha anakupa kata, ndiyo heshima, uone mwenyewe kwamba haina ubaya. Lakini huyo anaonja mwenyewe bila kuambiwa. Mgeni haombi. Ukimwambia mtu “onja kwanza” umeshamwita mchawi, hakuna maana nyingine.

Hilo nalijua leo. Siku ile nilikuwa nimekaa katikati ya wanawake, nimepakata mtoto, namwangalia baba mkwe anavyoonja, nikajiambia kumbe njia ya kumjaribu mama ndiyo hii hapa, tena ya kwao wenyewe. Mama akaja na bakuli la mtori, wanawake wakapiga vigelegele, maana hapo ndipo mama mkwe anapowaonyesha watu kwamba mzazi ametunzwa. Akachota kijiko, akakipeleka mdomoni kwangu mbele ya wote. Kile kibuyu nilikiona kimechungulia mfukoni.

“Mama,” nikasema, “onja kwanza.”

Akadhani hakusikia vizuri, na kwaya ilikuwa ndiyo imemaliza wimbo, kwa hiyo neno hilo nilipolirudia kwa sauti lilisikika mpaka kwenye zizi.

“Onja kwanza wewe, Mama.”

Baba mkwe alikuwa ameinua kata, akabaki nayo hewani. Bibi mmoja nyuma yangu akashtuka akasema kwa Kichagga, “Yewomi!” kwa sauti ndogo. Mama akanitazama, si kwa hasira, alinitazama hivi kama mtu anayejaribu kukumbuka amekosea wapi. Kisha akakirudisha kijiko mdomoni kwake, akala. Akachota cha pili, akala. Akachota cha tatu, akala, machozi yanateremka yanaingia kwenye bakuli, akafuta kile kijiko kwa pindo la gauni lake la bluu, akakigeuza akanipa upande wa mpini.

“Ni moto kidogo,” akasema. “Kipulizie.”

Gasto akaja mbio. “Umemwambia nini mama yangu?”

Nami badala ya kupiga magoti palepale nikaanza kujieleza, na kujieleza ndiko kulikonimaliza. Nikasema siyo mimi, ni yule mwanamke, naye alianza hivi hivi, mlango, dawa, kusimamiwa. Gasto akauliza mwanamke gani. Nikasema yule wa kwenye kitabu. Baba mkwe akauliza kitabu gani, cha sala? Na Mama Beni, aliyejizuia wiki nzima, akashindwa.

“Ina maana ulimwamini?” akapiga kelele. “Mama mkwe hakufanya kitu! Huyo huyo anayesimulia ndiye mwenye sumu! Mama mkwe anakufa mwishoni, na hayo yote anayasimulia akiwa gerezani! Mimi nilikuwa nacheka nikidhani unatania!”

Kukawa na vurugu. Walioko mbali wakasikia sumu na gereza, wakataka kujua nani amekufa. Mzee mmoja wa kanisani akauliza kwa uchungu huyo muuaji ni wa Kirua ipi na polisi wameshafika. Fransiska ikambidi asimame na sauti yake ya darasani awaeleze wageni wa ubatizo, kuanzia mwanzo, kwamba hakuna aliyekufa, ni hadithi ya kutungwa, na mke wa kaka yake amemaliza vipande viwili kati ya vitatu. Wakaanza kujadiliana wenyewe. Mmoja akasema mtunzi ana kosa, mtu akisema “mimi” lazima aseme kweli. Mwingine akasema yeye angemjua tangu mwanzo, mtu anayejisafisha sana ana jambo. Na mimi nimekaa katikati yao, bakuli mkononi, nalia, na kila aliyesema “yule mwongo” nilikuwa nasikia anasema mimi. Mama alishaingia jikoni. Tomi alikuja akakaa miguuni kwangu akiangalia bakuli, na kila mtu akaona jinsi alivyonenepa.

Nilikula ule mtori wote. Ulikuwa mtamu, na uchungu wake kwa mbali, na jioni ile mtoto alinyonya mpaka akalala na ziwa mdomoni.

Asubuhi yake Fransiska alinikatia jani la sale pale mpakani mwa kihamba, shamba lao la migomba, akanifundisha kulifunga fundo na namna ya kulishika. Kwetu anayekuletea sale umsamehe, hata kama amekuulia ng'ombe. Nilipiga magoti jikoni, nikashindwa kusema hata neno moja la Kichagga kati ya yale niliyofundishwa, nikasema kwa Kiswahili tu, “Mama, nimekukosea.” Akalipokea, akalichomeka kwenye boriti juu ya mafiga, akaniambia nikachukue kiti, sakafu ina baridi. Jambo hilo hakulitaja tena kwa miaka mingi.

Ila kuanzia siku hiyo, mkono wa mama haukunipa chakula bila yeye kuonja kwanza. Supu, uji, hata ndizi ya kuiva alikuwa anamega ncha, anatafuna, kisha ananipa, kimya, uso wa kawaida kabisa. Nilimsihi aache. “Sawa,” anasema, na kesho anaonja. Sikuwahi kujua kama ananikumbusha au alikuwa amejifunza tu kwamba huyu mkwe wa mjini ndivyo anavyopenda.

Siku hizi nikipata hadithi naanzia ukurasa wa mwisho, Fransiska anasema naharibu utamu, mwache aseme. Na mkasi wangu haujagusa kitabu tena na hautagusa.

Mwaka ambao hatimaye Gasto alimshusha mama Njoro akae nasi, macho yameshafifia na mikono inatetemeka, zamu ikawa yangu. Nikampikia mtori siku nzima, nikauponda mwenyewe, nikaketi mbele yake kitandani, na kabla sijamlisha nikachota kijiko nikala mimi kwanza, ajue. Akasikia kijiko kinagonga meno yangu. Akanyoosha mkono hewani akakitafuta kile kijiko mpaka akakishika.

“Lete tu, mwanangu,” akasema. “Mimi sikukisoma.”