Raia Mmoja Barabara ya Dadaab

Redio ilisema kwamba lori la mfanyabiashara lilikanyaga bomu kwenye barabara ya Dadaab na kwamba raia mmoja alifariki. Ilisema hayo tu, kisha ikaendelea na bei ya kahawa. Wasomaji wa safu hii mnamjua raia huyo. Ndiye yule mama wa Kisomali ambaye kwa muda mrefu nimekuwa nikiwasimulia matembezi yangu naye pembezoni mwa mji wa Garissa, yule niliyemwita mwenzangu wa miguu. Nimekaa mbele ya karatasi hii tangu asubuhi, na mkono haujataka kukubali kwamba nina la kuandika. Nilikuwa zamu hospitalini siku hiyo. Walioumia waliteremshwa mmoja mmoja, wengine wakilia, wengine kimya, wote wakiwa weupe kwa vumbi. Wa mwisho aliletwa amefunikwa shuka yake mwenyewe tangu kichwani, na mimi nikasogea kama muuguzi yeyote anavyosogea, nifanye kazi yangu. Miguu ilikuwa nje. Nikaona visigino vile vipana vyenye mipasuko, visigino nilivyovifuata kwenye vichaka na mchanga kila siku ya mapumziko, naye akiwa mbele hanisubiri. Sikuhitaji kufunua uso. Mwenzangu mmoja wa wodini anasema niliendelea kuuliza, "Nani amempandisha huyu lori? Nani amempandisha?" kwa sababu katika muda wote niliomjua mama yule hakuwahi kupanda gari mbele yangu. Mimi sikumbuki kusema neno.

Tulijuana langoni mwa hospitali, alikokuwa akiuza maziwa ya ngamia. Nilikuwa mgeni, nimetoka kwetu Taita kwenye milima na ukungu, na Garissa niliiona kama adhabu, kama wanavyoiona wengi wetu tunaoletwa huku na serikali. Asubuhi moja nilimuuliza, kwa kutaka mazungumzo tu, maziwa yale yanatoka wapi. Akanitazama kama niliyeuliza jambo la maana sana. "Kwa mdomo wewe hawezi jua," akasema, kwa Kiswahili chake ambamo p huwa b. "Kesho iko kazi? Haye, kama habana kazi, kuja uone." Nikaenda. Wauguzi wenzangu wakanicheka, wakanikumbusha kwamba mtembezi hula miguu yake, nami jioni ile nilirudi nimechubuka kweli. Lakini nilikuwa nimeona mahali ambapo Mto Tana ulipita zamani kabla haujahama: bonde pana lenye migunga, na katikati yake ziwa dogo lililopinda kama mwezi mchanga, halina jina kwenye ramani yoyote ya ofisini, limejaa ndege. Tangu hapo nikawa namwita eddo, shangazi kwa lugha yao, naye akaniita abaayo, dada, ingawa kwa umri ningeweza kuwa mwanawe.

Kuna siku alinipeleka kwenye rundo kubwa la mawe juu ya mwinuko, mahali ambapo upepo haukomi. Lilikuwa kaburi, na la zamani mno. Aliokota jiwe akaliweka juu ya mengine. Nikamuuliza kama aliyelala pale ni wa ukoo wake. Akasema hapana, hao ni watu waliokuwa hapa kabla ya Wasomali kufika, jina lao hata wazee wanabishania. "Sasa mbona unamwekea jiwe?" nikauliza. Akacheka. "Abaayo, huyu alikuwa na ng'ombe, alikuwa na watoto, alikunywa maji ya hii mto. Mimi bia kesho iko mtu atabita juu yangu. Yeye ataniuliza mimi ni kabila gani?" Nilimwandikia msomaji habari ya kaburi lile, lakini maneno hayo niliyaacha. Niliyaona madogo wakati ule.

Vita vya serikali na wapiganaji wa msituni vilipoanza tuliendelea kutembea kwa muda, karibu na mji tu, mpaka siku tuliyokutana na vijana watatu wenye bunduki. Tulikuwa tumeketi kwenye laga, yaani mto usio na maji, tunakula tende kivulini. Walitoka kichakani bila sauti. Mmoja akanielekezea bunduki na kuuliza kwa Kisomali mimi ni nani. Nilielewa swali. Eddo hakusimama. Alimtazama yule kijana, kisha akamuuliza yeye, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya chumvi, "Mama yako anajua uko hapa?" Akamuuliza tena, akataja ukoo, akataja kisima, mpaka ikadhihirika kwamba yeye na nyanya wa kijana huyo waliwahi kuhama pamoja msimu mmoja wa ukame. Bunduki ikashuka. Wakaomba maji, wakanywa, wakatuambia tusipite tena njia ile, wakapotea walikotokea. Eddo akamaliza tende zake.

Baada ya hapo kibali cha kupita kikawa lazima, na mkutano wa pili ulikuwa na askari wa serikali, kijana aliyeletwa kutoka mbali kama mimi, kwenye kizuizi cha kuingilia mji. Aliniruhusu nipite bila kunitazama mara mbili. Eddo alisukumwa kando kwa kitako cha bunduki, vibuyu vyake vya maziwa vikamwagika. Nilipiga kelele kwamba ni mtu wangu, nimetoka naye, narudi naye, hakuna aliyesikia. Akainuka, akapangusa magoti, akamuuliza yule askari swali lile lile, sasa kwa Kiswahili chake. "Mama yako anajua uko haba?" Nilifumba macho nikingoja kofi. Askari akasema kwa sauti ya chini, "Hajui, mama. Nimemwambia niko Nairobi." Akaokota vibuyu mwenyewe, akampa.

Hatimaye familia yake, pamoja na nyingi nyingine, iliingizwa na serikali katika kijiji kilichozungushiwa seng'enge, na ngamia wengi wakaenda walikokwenda. Matembezi yakaisha. Mara chache alipopata kibali kuja mjini alinionyesha miguu yake. Ilikuwa imevimba. "Dawa hakuna ya hii," alisema kabla sijamgusa. "Ni kukaa." Nami, niliyesomea uuguzi, nikamletea beseni la maji ya chumvi.

Sasa najua kwa nini alipanda lori. Mke wa mwanawe ni mjamzito na alianza kutokwa damu, na mahali pale hapakuwa na mtu wa kumsaidia. Eddo aliomba, alisihi, aligombana, mpaka lori likakubali kuwachukua. Binti huyo amelazwa kwenye wodi yangu. Mguu umevunjika, mimba ingali salama. Ameolewa kutoka Eldas, mbali huko Wajir, akafikia moja kwa moja ndani ya seng'enge. Hajawahi kuiona nchi ya mumewe zaidi ya barabara ile ambayo sasa imemfanya hivi. Siku ya tatu aliongea nami kwa mara ya kwanza. "Wewe ndiye yule wa kutembea naye?" aliuliza. Nikamwambia ndimi. Akageuza uso dirishani. "Huko nje kukoje?" Nikavuta kiti. Nikamwambia habari za bonde na mahali ambapo mchanga hutoa maji ukiuchimba kwa mkono, nikamtajia majina ya vilima kama nilivyotajiwa, na nilipokosea matamshi alinisahihisha huku machozi yakimtoka. Ndipo nikagundua jambo linalonitia hofu mpaka sasa: mimi, Mtaita, ndiye niliyekuwa nikimwonyesha mtoto wa Kisomali nchi ya watoto wake.

Wapo watumishi wanaokaa hapa miaka mingi, nao hawajavuka duka la mwisho. Wapo waliozaliwa hapa ambao sasa hawaruhusiwi kuvuka. Wakati huohuo wanaoijua nchi hii kwa nyayo wanaondoka mmoja mmoja, wala si kwa uzee. Tumezoea kusema mambo haya yatangoja utulivu. Vita vikiisha tutatembea, tutauliza, tutasikiliza. Msomaji wangu, popote ulipo, kama yupo karibu nawe mtu anayeipenda ardhi mnayoikanyaga, mwambie akutembeze juma hili, hata kama ni hatua chache tu nyuma ya nyumba, hata kama si wa kwenu. Usingoje amani. Amani itakapokuja huenda ukazikuta njia zote zipo, na wa kukutajia majina yake hayupo.