Fundi wa Sidiria na Barakoa ya Kaka Yake

Wifi yangu ni fundi wa sidiria, na kwa miaka ishirini na mitatu hakuna mwili uliomshinda. Mteja akiingia dukani kwake, chumba kimoja chenye cherehani mbili na meza ya kukatia, humzunguka mara moja, futi ikiwa shingoni, kisha hutaja namba. Hakosei. Ana udadisi wa kukera. Hata msibani macho yake hayatulii, hupima mabega ya watu, na siku ya harusi yangu, badala ya kunipongeza, aliniambia bega langu la kulia liko chini kuliko la kushoto. Ni kweli liko chini. Bado sijamsamehe.

Kwa hiyo kaka yake, yaani mume wangu, alipopewa mashine ya kupumulia hospitalini, wifi hakuuliza habari za ugonjwa. Aliomba kwanza kuiona barakoa.

Ugonjwa wenyewe niliujua mimi kabla ya daktari. Mume wangu alikuwa akikoroma, mara kimya, pumzi imekatika, nami nimelala pembeni roho mkononi hadi ashtuke na kuvuta hewa. Mchana alisinzia hata akiwa ameshika kijiko, na kazi yake ni kuendesha kreni. Wakubwa wake wa kazi wakamshusha. Daktari akasema mashine ivaliwe kila usiku, kwa muda wa saa nne au zaidi, mwezi mzima. Mashine yenyewe huweka kumbukumbu, hakuna kudanganya. Akitimiza, anarudi kwenye kreni.

Barakoa ilikuwa ya raba ngumu, ya kufunika pua na mdomo. Ilimchubua juu ya pua, mikanda ikamkandamiza masikio. Hakuvumilia hata saa moja.

"Aliyetengeneza hiki kitu hajawahi kumvalisha mtu nguo ya kushinda nayo," alisema wifi akiigeuzageuza. "Mkanda mmoja uvute kila kitu? Mzigo unagawanywa, jamani! Nyuma kidogo, pembeni kidogo, chini kidogo."

Akaifumua. Alishona mikanda ya lastiki laini yenye vikulabu vya sidiria, safu tatu za kukaza na kulegeza, akaipitisha chini ya masikio. Ukingoni aliweka pamba iliyofunikwa kitambaa chororo. Kisha akamlaza kaka yake juu ya meza ya kukatia, maana alisema uso wa mtu aliyelala si uso wa mtu aliyeketi, akampima pua, mashavu na kidevu. Mashine ikawashwa. Hewa haikuvuja hata kidogo. Mume wangu alipitiwa na usingizi palepale, mchana kweupe, katikati ya vitambaa vya watu.

Nyumbani hewa ikavuja shavuni, ikapiga mluzi kama birika.

Hapo ndipo wifi alipopata ugonjwa wake mwenyewe. Uso uleule, mashine ileile, kwa nini dukani ikubali na nyumbani ikatae? Alilaumu mto, akauchukua mto wetu na kumlaza nao dukani. Haikuvuja. Alilaumu ndevu, akamnyoa kaka yake kwa mkono wake. Nyumbani, mluzi. Alifumua na kushona upya mara nne, wateja wakamnunia, naye wala hakujali.

"Wifi," aliniuliza siku moja, pini zikiwa mdomoni, "huyu akilala kwako hubadilika nini?"

"Hakuna," nikajibu, haraka mno.

Nilikuwa najua. Mume wangu ana meno ya bandia, safu nzima ya juu. Ya kwake yalimtoka kazini kabla hatujaoana, akiwa mbali, na hakumwambia mtu, hata dada yake. Kila usiku, akishaona nimelala, huyatoa maana yanamuumiza, akayaweka kwenye kikombe nyuma ya kabati. Alfajiri huyarudisha. Bila meno, mashavu yake huzama. Wifi alikuwa amepima uso mmoja, na barakoa ilikuwa ikivaliwa na mwingine. Nafikiri mume wangu mwenyewe alikwisha kulitambua hilo, ila aibu ilimshinda. Na mimi nilikuwa nalijua jambo la meno tangu wiki ya kwanza ya ndoa, miaka kumi na minane, nikijifanya sijui. Niliona ndiyo heshima.

Jumatatu mume wangu akatukuta dukani, mimi na wifi, mashine imefungwa kwenye mfuko.

"Imetosha. Naenda kuirudisha."

Wifi akaketi. "Kaka, nimeshindwa, na sijui nimeshindwa na nini." Machozi yalimlengalenga. Sikuwahi kumwona hivyo.

Nikapiga moyo konde. "Wifi, tupishe kidogo."

"Nitoke dukani kwangu mwenyewe?"

"Dakika tano tu."

Akatoka akinung'unika. Nikafunga mlango.

"Mume wangu, toa meno."

Akauweka mfuko wa mashine chini. Kisha akauliza, "Umejua lini?"

"Wiki ile ya harusi."

Akakaa juu ya meza ya kukatia. "Miaka yote hii nasubiri ulale kwanza."

"Na mimi miaka yote hii najifanya nimelala, ili na wewe upate kulala."

Akacheka, akacheka mpaka akajifuta macho. Kisha akayatoa na kuniwekea kiganjani. Sikuwahi kuuona uso ule kwenye mwanga. Ulikuwa mzee zaidi, na mpole zaidi, na nilimpenda kuliko siku ya harusi.

Wifi aliporudi alimtazama kaka yake, akautazama mkono wangu. Nikajua sasa anatutania mpaka tuombe poo. Hakutania. Alivua futi shingoni.

"Lala, kaka."

Alipima taratibu, shavu hili, shavu lile, akarudia. "Sentimita moja na nusu," akasema. "Yaani nimekunyoa ndevu bure!"

Barakoa mpya ilikuwa tayari kesho yake. Mwezi ulipotimia daktari aliisoma mashine, akasaini, na mume wangu yuko juu ya kreni yake. Jioni huyatoa meno taa ikiwa inawaka, akinitazama usoni, na siku hizi yeye ndiye wa kwanza kulala.