Dirisha Alilolifunga

Mwenye nyumba mmoja wa mtaa wa Section 58 hatoi penseli sikioni hata akienda kanisani. Ukimtembelea, kabla chai haijapoa ameshaanza kugonga ukuta kwa kifundo cha kidole, ko, ko, ko, kama daktari anayepima kifua, na ole wake ukuta utakaomjibu vibaya! Vikombe vya harusi vya mkewe bado viko kwenye katoni, maana kabati za nyumba hiyo hazizeeki. Hubomolewa zikiwa bado changa. Juzi aliamua kuongeza stoo upande wa jikoni. “Baba watoto, dirisha hilo usilizibe,” mkewe alimsihi. “Hapo ndipo napiga stori na jirani yetu Namalwa nikimenya viazi.” Bwana akacheka mpaka penseli ikaanguka. “Stori ni mdomo, mama, si dirisha!” Akaziba.

Sasa stoo imekwisha, plasta imenyooka kama kioo, na hakuna wa kuisifu. Mkewe hubeba beseni la viazi na kigoda, huenda kumenyea kwa Namalwa. Mchana wa leo bwana amewasha taa jikoni, akasikia kicheko cha mkewe kwa mbali, kile alichokuwa akikisikia humu ndani kila siku bila kukijali. Akaukaribia ukuta pale palipokuwa na dirisha, akagonga polepole, kama mgeni anayebisha hodi.

“Nani huyo?” Namalwa akauliza.

“Si ni yeye,” mkewe akajibu. “Anatafuta pengine pa kubomoa.”

Wakaendelea kucheka.